Nywila ya Mwajabu

Mwajabu alijifungia nje huku mwenyewe yuko ndani, tena ndani ya eda. Ulikuwa mwezi wa pili tangu mumewe, Khalfani, azikwe, na alichojifungia nje ni kompyuta kuu ya zahanati moja pale Mtoni, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Kuitunza ndiyo kazi yake. Mashine inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux haina makuu: unaiwekea masasisho yanapotoka, unaziba matundu kabla wezi wa mitandaoni hawajayaona, basi. Lakini wiki hiyo lilitangazwa tundu baya, lisilosubiri eda ya mtu.

Akafungua kompyuta yake chumbani, akaingia kwenye mashine kwa mbali, akaweka masasisho yote. Kisha akawasha ukuta wa kuzuia wavamizi. Miaka yote alikuwa akiuwasha ameketi kitako mbele ya mashine yenyewe, kwa hiyo mlango wa kuingilia kwa mbali hakuwa na haja nao. Leo alikuwa ameingilia mlango huohuo, na kwa haraka hakuuambia ukuta uache mlango wowote wazi. Ukuta ukawafungia wote: yeye, mapokezi, maabara na dirisha la dawa.

Simu ya Ismail wa mapokezi ilipokelewa na mama mkwe, Bi Mahfudha, maana simu zote za wanaume katika eda ile zilipita kwake.

"Anasema majina ya wagonjwa hayaonekani, na benchi limejaa," akasema. "Si nilikwambia kazi wampe mtu mwingine?"

"Niende mara moja tu, mama."

"Uende wapi na eda yako?"

"Basi nimtajie Ismail nywila kwa simu."

"Umpe mwanamume siri yako? Hee!" Bi Mahfudha alikuwa ameshavuta baibui. "Ntakwenda mie."

Mwajabu nusura acheke. Huyu ni mtu ambaye hata salio la simu huangaliziwa. Lakini bajaji ilishaondoka naye, na haukupita muda akapiga simu akiwa mbele ya mashine, Ismail ametolewa nje kama mtoto mtundu.

Jina la kuingilia waliliandika vizuri. Ikaja nywila, na Mwajabu akahisi uso unamwaka. Nywila ile ilikuwa jina ambalo Khalfani alikuwa akimwita wakiwa wawili tu. Aliichagua kwa sababu ni ndefu na hakuna wa kuibahatisha, lakini kusema kweli aliichagua kwa raha ya kuiandika. Tangu mazishi, jina hilo halikuwa na mahali pengine pa kuishi. Na sheria ya kazi yake inajulikana: nywila ikishatamkwa, ibadilishwe.

"Andika kashata," akasema.

"Kashata hii ya nazi?"

"Hiyohiyo. Usiache nafasi. Ya. Roho. Yangu."

"Mbona nabonyeza hakuna kinachotokea?"

"Nywila haionekani ikiandikwa, mama. Wewe andika tu."

Vibonyezo vikasikika kimoja kimoja, kisha vikanyamaza. Mwajabu akaona aibu mpaka akafumba macho.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Imekubali." Sauti ya Bi Mahfudha ilikuwa imebadilika. "Babake ndivyo alivyokuwa akiniita. Tukijua watoto wamelala." Akavuta pumzi. "Kumbe mwanangu alikuwa anasikia."

Mwajabu alitamani angekuwa pale amshike mkono.

"Haya, tuendelee, wagonjwa wanangoja," akasema Bi Mahfudha.

Mwajabu akamtajia maneno matatu ya kuushusha ukuta, herufi kwa herufi. Mama mkwe akayaandika, akabonyeza, akaguna.

"Inataka nywila tena."

"Ndiyo, huwa inauliza mara ya pili. Andika ka..."

"Usinitajie," akasema Bi Mahfudha. "Hiyo naijua."

Akaiandika mwenyewe, polepole, na Mwajabu hakumharakisha.