Pampu Moja, Mashamba Matano

Mvua ya Machi iligoma, na mpunga wa Lugembe na wenzake wanne, kijijini nje ya Nzega, ukaanza kukunja majani. Lambo lilikuwa bado na maji, ila kikundi chao kilikuwa na pampu moja tu. Kila mtu aliapa kuwa shamba lake ndilo lililo taabani. Ugomvi ulipotaka kufika kwenye mapanga, wakamwita Asnath, binti Lugembe, aliyesomea kompyuta Tabora.

Asnath alizunguka mashamba yote akichimbua udongo kwa kidole. Kwa kila moja aliandika mambo mawili: linahitaji maji siku ngapi, na siku ya mwisho kabla mpunga haujafa. Kisha akaingiza kwenye kompyuta algoriti, kanuni ya kupanga foleni aliyofundishwa chuoni: anayewahi kufa atangulie; siku zisipotosha, aondolewe anayekula siku nyingi kuliko wote.

Kashindye, siku moja. Koleta mjane, mbili. Lugembe, nne, na mpunga wake usingevuka siku ya sita. Moja na mbili na nne ni saba.

Kompyuta ikamwondoa baba yake.

Alirudia mara tatu. Bila baba walipona wanne, hata Shigela na Anifa wa siku mbili mbili, waliokuwa na mpaka siku ya saba na ya nane; pamoja naye, watatu tu. Na baba alikuwa na watu tisa wa kulisha.

"Baba, sisi hatumo," alisema.

Lugembe aliuliza, "Hata kipande?"

"Kuna siku moja ya ziada, ya nne. Itaokoa robo ya shamba."

"Robo si haba, mwanangu. Tutakunywa uji."

Kashindye akamwagilia, Koleta akamwagilia. Siku ya nne pampu ikahamishiwa kwa Lugembe. Kabla maji hayajagusa jaruba la kwanza, ikakohoa, ikazima. Fundi kutoka Nzega alihangaika nayo mchana kutwa; ikawaka siku ya tano asubuhi.

Zilikuwa zimebaki siku nne: mbili za Shigela, mbili za Anifa. Ya ziada ilikuwa imeteketea. Asnath aliukumbatia mpira wa maji.

"Saa chache tu, baba! Jaruba moja!"

"Saa chache za nani?" Lugembe aliuliza. Akambandua vidole kimoja kimoja, akaubeba mpira begani mpaka kwa Shigela.

Baada ya wiki mbili mashamba manne yalikuwa ya kijani. Lao lilikuwa rangi ya majivu. Lugembe akabomoa tuta kwa jembe, akamwambia Shigela alete ng'ombe wake, wale angalau mabua. Asnath alishindwa kutazama. Aliingia jikoni, akamkuta mama yake anapima unga wa jioni. Mama alimimina vibaba vitatu kwenye ungo, akafikiri, akarudisha kimoja guniani.