Sekunde Ishirini za Wenye Hoteli

Usiseme hukuliona lile bango la "Njia Imefungwa" kule Kiwengwa. Ulipita, ukaligeuzia uso, ukapiga picha ya bahari. Mimi nakumbuka: mwaka elfu mbili na tatu ilifungwa njia ya kwa Mcha, jirani na hapo hapo, "kwa muda tu." Leo ni bwawa la wageni kuogelea.

Wanu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea redio, televisheni na mawasiliano ya kidijitali. Amepanga chumba kwangu Ng'ambo, nyuma ya kibanda ninachotengenezea redio. Mama yake, Bi Time, analima mwani Kiwengwa. Tangu hoteli ya hapo iweke bango kwenye njia yao ya pwani, wanawake wanazunguka karibu saa nzima kufika pwani, na bamvua, siku za maji kupwa mbali na kujaa sana, haimsubiri mtu. Maji yakirudi, kazi imekwisha. Wanu akaifanya njia hiyo kipindi chake cha redio cha mtihani wa mwisho.

"Kipindi hakina mizani," Mwalimu Mahfoudh alimwambia. "Wenye hoteli wako wapi?"

"Nimepeleka barua tatu, mwalimu. Wamepokea, wamegonga muhuri, hawajajibu."

"Basi njia iondoe. Zungumzia sabuni ya mwani. Utafaulu."

Chuoni hufundishwa kuwa kimya hewani ni kosa kubwa. Wanu akarudi studio, akarekodi: "Sasa tuwasikilize wenye hoteli." Akaacha sekunde ishirini tupu.

Siku ya kusikilizwa vipindi nilikaa nyuma kabisa. Zilipofika sekunde hizo, Pandu, fundi mitambo wa chuo, aliruka kitini akaenda kutikisa waya.

"Spika imekufa hii!"

"Haijafa, kaka Pandu, kaa kitako," Wanu alisema. "Hao ndio wenye hoteli wanazungumza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mahfoudh hakucheka. Kimya kikaisha, ikaingia sauti ya Bi Time: "Mie n'nazunguka kwa miguu. Wao wana magari, na njia wamechukua wao."

Mahfoudh akatoa hukumu: kimya na njia vikatwe kabla ya Jumatatu, la sivyo Wanu arudie mwaka.

Alasiri ile Wanu alimpigia simu mama yake, amekaa mlangoni kwangu, sauti kaifungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nshasikia. Kikate kipande hicho, mwanangu. Mie n'tazunguka, nshazoea."

"Na magoti?"

"Magoti yangu hayasomi chuo. Wee soma."

"Nkikikata, mama, utazunguka mpaka lini?"

Mama akasema, "Haya. Peleka kama kilivyo," akakata simu.

Jumatatu Wanu alikipeleka kizima. Alhamisi jina lake lilibandikwa ubaoni: anarudia mwaka. Alilisoma, akarudi kibandani, akaniomba nimtilie betri kwenye spika kubwa.

Nimeshatia. Kipindi kimo. Jumamosi hii ni bamvua, maji yanakupwa saa nne asubuhi, na kina Bi Time wameamua hawazunguki tena. Watapita penye bango, Wanu mbele na spika. Mwaka ule wa njia ya kwa Mcha tulikwenda watu sita, walinzi wakatuhesabu kwa vidole, wakatufukuza. Safari hii wasiweze kutuhesabu. Vaa viatu, mwamshe jirani yako, fika Kiwengwa kabla ya saa tatu.