Nati za Machano

Mume wangu Machano alikuwa mtu wa shaka. Akinunua samaki Darajani humgeuza, humnusa, humfunua mashavu, kisha akifika nyumbani Ng'ambo huniuliza mimi kama muuzaji hakumbadilishia wakati wa kumfunga. Nilishazoea. Lakini alipoingia kujifunza kazi ya vyuma, tabia ile ilinitia hofu, maana cheti cha kazi ile tulikihitaji sote wawili. Bila cheti angerudi kuwa hamali wa magunia ya karafuu bandarini. Baba yake aliifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukapinda, na mimi sikuwa na hamu ya kuzeeka na mgongo uliopinda.

Walijifunza kwa kujenga ghala jipya karibu na bandari. Mwalimu wao, Fundi Borafya, aliwapanga wawili wawili. Walipanda juu, wakaunganisha vyuma vya kenchi zitakazobeba paa, wakakaza nati kwa spana. Siku ya mtihani fundi angepanda mwenyewe kuzijaribu nati za kila mmoja. Zikizunguka, huna cheti.

Machano alipangwa na Usi, mtu wa Makunduchi, mtoto wa wakwezi wa minazi. Usi alikuwa mkimya, na mtu mkimya kwa Machano ni mtu anayeficha kitu. Asubuhi moja Machano alifika kazini akamkuta Usi keshapanda, tena yuko upande wa Machano, spana mkononi. Alipomwona aliteremka, akamsabahi, akaenda zake. Siku ya pili ikawa vilevile. Jioni ile aliisukuma kando sahani ya chakula.

"Ananilegezea nati, Mize," aliniambia. "Anataka nianguke."

Nilimuuliza mbona fundi anaisifu kazi yake yeye Machano kila siku. Akasema huo ndio ujanja wenyewe, kwamba Usi anaingoja siku ya mtihani. Nilimcheka, lakini maneno yakaniingia. Sichana, mke wa Usi, alipotuletea sahani ya mkate wa kumimina, niliipokea kwa tabasamu na ahsante nyingi, kisha nikawamwagia kuku, nikakaa kuwatazama kama watakufa. Kuku walikula wakataka tena.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, Machano alikwenda kwa fundi bila ya kunishauri. Hakumtuhumu mtu. Alisema tu kwamba yeye na Usi hawaelewani. Fundi akamhamishia Usi upande wa pili wa ghala, na Machano akapewa mwenzake mwingine ambaye hakugusa kazi ya mtu. Siku hizo alirudi nyumbani akiimba. Alikula, akalala, na mimi nikaanza kuota nyumba ya vyumba viwili.

Yaliyotokea kwenye mtihani nilielezwa na Sichana, maana mume wangu aliingia ndani akajifunika shuka. Fundi Borafya alipanda kwenye kenchi za wiki ile ya mwisho, akatia spana kwenye nati ya Machano, ikazunguka. Akatia kwenye nyengine, nayo ikazunguka. Ya tatu aliifungua kwa vidole. Akashangaa, kwa sababu kazi ya mwanzo ya Machano ilikuwa imara. Akawauliza wote, na Usi, ambaye hakupenda kusema, ikabidi aseme.

"Kwetu mkwezi hakanyagi kidato alichokata mwenzake kwenye mnazi mpaka akijaribu mwenyewe," alisema. "Na mimi nlikuwa nnapita juu ya vyuma vyake. Nlizikuta nati zimelegea, nkazikaza. Nliona haya kumwambia, mtu mzima kama yule."

Usi alipata cheti. Machano hakupata. Nilimkuta bado chini ya shuka, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba Usi alimfichia makusudi ili asiijue kazi. Hapo hasira zilinipanda. Nilizionea huruma zile siku zangu zote za kungoja, nikawaonea haya hata wale kuku.

"Ulikuwa ukiitazama mikono ya Usi, Machano," nilimwambia. "Yako ilikuwa ikitazamwa na nani?"

Jumatatu alirudi kubeba magunia.

Ghala lilipoanza kazi nilimpelekea chakula mchana mmoja. Mahamali wenzake waliingia kwa mlango wa karibu, wakatua mizigo, wakatoka. Machano, na gunia zima mgongoni, alilizunguka ghala lote mpaka mlango wa mbali. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini anajitesa, na nati zake zote Fundi Borafya alishaamuru zikazwe upya.

Alisimama, jasho linamtiririka, akatazama juu.

"Huku nati kazikaza Usi," akasema, akaingia.