Chandarua Kisicho na Fundo

"Bi Kibibi, tangu lini ungo ukavaa mfuko wa zipu?"

Monika aliuliza swali hilo siku moja amesimama kwenye mlango wa jiko, bakuli la kuazimia chumvi mkononi, macho yake ukutani. Pale ukutani zilining'inia nyungo mbili kuukuu za Kibibi, na katikati yake kitu cha tatu: cha duara, chembamba, kimevikwa mfuko wa buluu ulioshonwa zipu ukingoni.

"Tangu mwanangu aliponiletea," Kibibi alijibu bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Chota chumvi uende, mboga yako itaungua."

"Si uufungue tuuone! Labda wa plastiki. Siku hizi kila kitu plastiki."

"Sina moyo, Monika."

Monika alikuwa Mkatoliki kutoka vijiji vya milimani, jirani wa ukuta kwa ukuta, na mdomo wake haukujua likizo. Lakini hapo alichota chumvi yake akaondoka kimya.

Mwana mwenyewe alikuwa Ridhiwani, mtoto pekee aliyembakia Kibibi. Alikuwa kibarua wa watu wanaopima mipaka ya misitu upande wa Kitomanga, kazi ya kulala porini wiki baada ya wiki. Pikipiki iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kijijini Pande ilipinduka njiani, basi akafika amebebwa. Siku ya mazishi mwenzake wa kazi, Klementi, alileta begi lake. Katikati ya kilio Kibibi aliingiza mkono begini, akagusa ukingo mgumu wa duara na kitambaa katikati. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akimlalamikia mwanawe kwenye simu kwamba nyungo zake zimetoboka. Akasema moyoni, kaninunulia ungo. Akautundika jikoni kwenye msumari wa siku zote, na kila alipopita aliutazama, kisha akatazama pembeni.

Katika chumba cha nyuma alikuwamo Hamida, mke wa marehemu, akikaa eda. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mjane mwenye mimba eda yake huisha siku anayojifungua. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikingojea jambo moja. Kwa Kibibi jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko alivyoweza kulisema. Mume alikwisha kutangulia zamani, mwana naye kamfuata baba yake, na kizazi chao chote kilichosalia duniani kilikuwa tumboni mwa msichana yule aliyelala kwenye mkeka.

Na msichana yule alikuwa akiliwa na mbu.

Mvua za mwaka ule hazikutaka kukata. Maji yalituama nyuma ya vyoo na kwenye mashimo ya matofali, na jua likianza tu kuinama, mbu waliingia ndani kama watu waliopelekewa kadi ya mwaliko. Hamida alikwisha kushikwa na malaria mara moja. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, kisha akamgeukia Kibibi kwa ukali. "Bibi, huyu akiendelea kulala bila chandarua, mtoto hatutamwona. Nyumbani hamna?"

Kilikuwapo. Kilikuwa kimekunjwa sandukuni, kisafi, hakijatumika, kwa sababu ya Kadija.

Kadija alikuwa wifi yake Kibibi, shangazi wa marehemu. Alikuja kutoka Kilwa Kivinje kwa ajili ya msiba, akabaki kusimamia eda. Ukoo wao ulikuwa na mwiko: nyumba iliyotoka maiti haipigiliwi msumari mpya wala haifungwi kamba mpaka mjane atoke eda. Ukifunga fundo kwenye nyumba ile, umemfungia marehemu njia yake aendako. Hata kamba ya kuanikia nguo Kadija aliifungua kwa mkono wake siku ile ile ya kwanza, nguo zikawa zinatandazwa juu ya majani. Na chandarua bila kamba nne na mafundo manne hakisimami.

Kibibi alikwenda kumwuliza shehe. Shehe akamwambia dini haina habari hiyo, hayo ni mambo yenu ya ukoo, mfungieni mtoto wa watu chandarua alale. Akarudi na furaha, na furaha ile ikaishia kwa Hamida mwenyewe.

"Mama, shehe hakumjua Ridhiwani," Hamida alisema taratibu, amejiegemeza ukutani. "Njia ya duniani ilimkatikia katikati. Na hiyo nyingine nimfungie mimi?"

Tangu hapo, kila magharibi, akishatoa salamu ya mwisho ya sala, Kibibi alikaa kando ya mkeka akimpepea mkwewe kwa kipepeo cha ukili mpaka bega likafa ganzi. Walichoma makumbi ya nazi, moshi ukawakohoza wao kuliko mbu. Kadija alikuwa akikaa pembeni na tasbihi yake, naye akiumwa vile vile, hajikuni hata kidogo. Kibibi hakumlaumu, kwa kuwa alijua jambo ambalo Hamida hakulijua. Kadija naye, katika ujana wake, alikaa eda kule Kivinje akiwa na mimba. Homa ilimshika ndani ya eda ile ile. Hakuwahi kuwa na mtoto mwingine, wala hakuwahi kumtaja yule aliyempoteza.

"Ya Rabbi," Kibibi alikuwa akiomba huku anapepea, "mbu umemuumba wewe, na huyu tumboni unamuumba wewe. Nionyeshe njia ya kupita katikati yao."

Njia ilikuwa ukutani jikoni.

Alasiri moja Kadija alikuwa amekwenda kisomoni mtaa wa pili. Kibibi alitaka kumpikia Hamida uji wa mchele. Akachukua ungo wa kwanza, mchele ukapita tunduni. Akachukua wa pili, ukingo ukabaki mkononi, sehemu nyingine ikaanguka chini. Akasimama anaitazama ile duara ya buluu.

"Haya, baba," alimwambia mwanawe kana kwamba yuko pale. "Leo nakutumia." Akaketi, akapiga bismillahi, akavuta zipu.

Kile kitu kiliruka.

Kiliruka mikononi mwake kama kitu chenye roho, kikapiga dari la makuti, kikazunguka, kikatua. Kuku walitoka nje wote kwa pamoja wakipiga kelele. Kibibi alijikuta amekaa juu ya mchele uliomwagika, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, na mbele yake, mahali ambapo sekunde moja nyuma hapakuwa na kitu, imesimama nyumba.

Ilikuwa nyumba nyeupe, yenye paa la mviringo kama makuba ya msikiti wa kale kule Kilwa Kisiwani, na kuta zake unaona upande wa pili. Ilikuwa na sakafu. Ilikuwa na mlango. Ilikuwa inatikisika kidogo, kama inatweta kwa safari, halafu ikatulia.

"Yesu na Maria!" Monika alikuwa mlangoni, mkono kifuani. "Bi Kibibi, umepepeta nini?"

"Usiingie. Sijui ni kitu gani."

Monika akaingia. Akainama, akapeleka kidole, akakirudisha haraka, akapeleka tena. "Mama wee. Hii ni neti! Hii ni neti yenye mifupa!"

Kibibi aliinuka polepole. Akaizunguka nyumba ile, mkono wake ukipita juu ya wavu bila kuugusa. Alikuwa akitafuta kamba. Akazunguka mara ya pili akitafuta kigingi, fundo, kitanzi, hata uzi. Hapakuwa na kitu. Waya mwembamba tu, umeshonewa ndani ya pindo, ndio ulioibeba nyumba nzima, na wenyewe haukushikwa na lolote. Akakumbuka buibui aliyetanda nyuzi mlangoni mwa pango alimojificha Mtume, na wauaji wakafika mpaka pale, wakarudi. "Subhanallah," alisema, kisha akalisema tena taratibu, kana kwamba ni neno analolisikia kwa mara ya kwanza.

"Mpigie yule aliyeleta begi," Monika alisema.

Klementi alipokea simu kwenye kelele za watu. Kibibi alipomweleza kuhusu ungo, kijana yule alicheka. "Ungo? Mama, hiyo ni neti ya porini! Ridhiwani alikuwa anaitupa juu, ikitua yumo ndani, anatuchungulia sisi tunaojipiga makofi, anatuambia, poleni sana, jirani zangu." Halafu kicheko kikamkatika. "Alisema kazi hii ikiisha neti inakwenda kwa mkewe. Siku ile ndiyo alikuwa anaileta."

Kibibi alikata simu bila kuaga. Haikuwa tabia yake.

Walikibeba wawili kuingia ndani, na mlangoni kilijikunja ubavu kikapita, kikajinyoosha chenyewe. Hamida alikiona kinaingia chumbani, akajivuta mpaka ukutani. Kibibi alimweleza kilikotoka. Msichana hakulia. Alipapasa ukuta wa wavu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtu gizani.

"Kimefungwa wapi?" aliuliza.

"Hakijafungwa popote. Angalia mwenyewe. Nyumba hii hakijaigusa hata kidogo."

Hamida alivuta zipu, akaingia, akalala ubavu. Nje jua lilikuwa linazama, na mbu wa kwanza walikwisha kuanza. Wote watatu waliwaona: wanakuja, wanatua juu ya wavu karibu na shavu lake, wanatembea, wanarudi. Hamida aliwatazama kwa karibu, kope zimesimama, akawa kama mtoto anayetazama samaki majini.

"Hodi humu!" Ilikuwa sauti ya Kadija, uani.

"Toka, toka!" Monika alinong'ona. "Tukikunje, tumweleze kwanza!"

Hamida akatoka, wakakivamia. Kibibi alikandamiza upande mmoja, upande wa pili ukanyanyuka. Monika akaukalia upande wa pili, ukingo ukampiga kichwani. Wakakisokota, kikasokotoka, wakadhani wameshinda, kikawaponyoka na kusimama tena mahali pale pale, kizima, hakina hata kikunyanzi. Kufunguka kilifunguka kwa pumzi moja. Kukunjika kilikataa katakata.

"Shikamoo shangazi," alisema Hamida kwa sauti ndogo.

Kadija alikuwa mlangoni. Hakuitikia marahaba. Aliwatazama wanawake wawili wazima waliokaa sakafuni wakihema, vilemba vimewatoka, kisha akakitazama kile kitu cheupe.

"Wifi," alisema, "mmefunga nini ndani ya nyumba ya maiti?"

"Hatujafunga," Kibibi alijibu. Aliinuka, akaitengeneza kanga yake. "Kaleta Ridhiwani mwenyewe. Kimekuja na begi lake. Kagua, wifi. Ukiona fundo, nitakichoma moto mimi kwa mkono wangu."

"Bi Kibibi!" Monika aliguta.

"Nyamaza, Monika. Kagua, wifi."

Kadija aliweka tasbihi yake dirishani. Akapiga magoti kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa ya zamani, akaanza kupita na vidole kwenye pindo. Alikagua kama mwanamke anavyokagua mkeka anaotaka kuukataa. Alipita chini, akapita juu, akakinyanyua kizima kwa mkono mmoja, akashtuka jinsi kilivyokuwa chepesi, akatazama chini yake, akakirudisha. Hamida alikuwa amesimama ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kibibi aliona kwamba asingeweza kumlazimisha yeyote kati ya hawa wawili, na kwamba mjukuu wake alikuwa kwenye ncha za vidole vile.

"Hakina fundo," alisema Kadija mwishowe. Hakulisema kwa furaha.

"Hakina," Kibibi aliitikia.

"Na ndani?"

"Ingia ukaone."

Kadija aliingia. Akamwashiria Hamida naye aingie, na msichana akaingia, akaketi karibu yake, zipu ikavutwa. Adhana ya magharibi ilikuwa ikitoka msikitini. Mbu walikuwa wengi sasa. Sauti yao ilijaa chumbani, ile sauti nyembamba aliyoisikia kila mjane wa ukoo ule kabla ya Hamida. Walikizingira chandarua pande zote. Mmoja alitua mbele kabisa ya jicho la Kadija, yeye ndani, mdudu nje, na kati yao kitu unachoweza kukipulizia kikatikisika. Kadija aliinua kidole, akakigusa upande wa ndani pale pale alipotua. Mbu hakuondoka. Wala hakupita.

Adhana ikaisha. Monika, ambaye hakuwa na dua ya kuitikia, aliinamisha kichwa vilevile.

"Anacheza?" Kadija aliuliza.

"Saa hizi ndiyo saa zake, shangazi." Hamida aliuchukua mkono wa yule mama, akauweka ubavuni mwake.

Kibibi, kutoka upande huu wa wavu, aliuona mkono ule ukirushwa kidogo na kitu kilichokuwa ndani. Akauona uso wa wifi yake pia. Katika miaka yote waliyokuwa mawifi wa nyumba moja hakuwahi kuuona uko wazi namna ile, akatamani kugeuka, asigeuke.

"Wangu naye alikuwa akicheza magharibi," alisema Kadija.

Aliuacha mkono pale kitambo. Kisha akautoa, akavuta zipu kiasi cha kupitisha mwili, akatoka kwa magoti. Akageuka, akaifunga zipu nyuma yake pole pole mpaka mwisho, akapitisha kidole kwenye mshono kuhakikisha hapakubaki nafasi ya mdudu kupenya. Akachukua tasbihi yake dirishani, akainamisha kichwa mlangoni, akatoka.