Gego la Mashavu

Usi alikuwa fundi wa meno ya dhahabu huko Mkunazini, na mkewe Mashavu alikuwa amevaa kazi yake: kofia ya dhahabu juu ya gego la kushoto. Tangu avishwe, alitafunia kulia. Kila akilalamika kwamba jino limepanda na linamuumiza akitafuna, Usi aliipiga tupa ile dhahabu juu, akamwambia, "Utazoea."

Mchana mmoja wa mwaka sitini na nane, Usi akamwona anatafuna pweza kushoto, tena kwa raha zake.

"Nani kalitia mkono jino langu?"

"Lako? Mie nlidhani langu."

"Mashavu."

"Bakar wa Darajani."

Usi akaurudisha wali sahanini. Yeye na Bakar walifunzwa na fundi mmoja, na tangu hapo watu hawakuacha kumsifia Bakar mbele yake.

"Kakutia vidole kinywani?"

"Ulitaka atie miguu? Na mama yako kakaa ubavuni mwangu. Yeye ndiye alonipeleka."

Mama yake mwenyewe. Hilo lilimchoma zaidi.

"Kafanya nini?"

"Kalivua, kalifukiza ndani kwa moshi wa kibatari mpaka likawa jeusi. Kanivisha, kalivua tena. Pale masizi yalipofutika, kasema ndipo linapobana, ndo maana halishuki. Kapakwangua kidogo tu. Wewe ukipiga tupa juu, mwenzako kaangalia ndani."

Usi akaleta koleo, akalivua; Bakar alikuwa amelishikiza kwa saruji laini ya majaribio. Akalipeleka dirishani. Ndani palikuwa na mkwaruzo mdogo kama punje ya ufuta. Juu, makovu ya tupa yake. Akawasha moto wa kuyeyushia.

"Nitakutengenezea jengine. Masizi hata mimi ninayo."

"Liyeyushe," alisema Mashavu, kiganja shavuni. "Hilo jengine nnakwenda nalo kwa Bakar alitazame."

Usi alisimama na koleo mkononi, moto ukivuma. Alijua Mashavu angekwenda, na mama yake angetangulia mbele. Akazima. Akaiosha ile kofia, akakoroga saruji, akamvisha. Wakangoja ikauke.

"Funga meno."

Akafunga. Halikuinuka hata uzi.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Tafuna. Hata kidogo?"

Mashavu akatafuna pande la pweza polepole, akimtazama. Usi akamsogelea, akingoja akunje uso, akiomba akunje uso.

"Hata kidogo," akasema Mashavu, akavuta sahani karibu.