Fundi Joab Afungua Karakana

Phyllis Rotich alipokabidhiwa uongozi wa chuo cha ufundi cha Boito, alikuta karakana yenye vifaa vya zamani, madarasa mawili yanayovuja, na wanafunzi wachache waliokuja kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Wazazi wa hapo walikiita pahali pa waliofeli. Mtoto akipata alama mbaya kidato cha nne, jirani alimpa mamake pole na kumwambia kwamba Boito wanachukua yeyote.

Na kusema kweli, vijana waliomaliza hapo walitoka na vyeti vyenye mihuri mizuri, wakavipeleka viwandani, wakaulizwa wamewahi kugusa mashine gani. Hawakuwa wamegusa hata moja. Wakati huohuo, kwenye mashamba makubwa, mashine zilikuwa zimeanza kuchuma majani ya chai badala ya watu, na akina mama waliobeba vikapu miaka nenda miaka rudi walikuwa wanarudishwa nyumbani. Mmoja wao alikuwa mamake Chepngetich, msichana wa hapo. Chepngetich mwenyewe alijiandikisha Boito, ufundi wa mitambo, na alipoulizwa na mwalimu kwa nini hakuchagua ushonaji kama wasichana wenzake, alisema kazi imeenda kwa mashine, kwa hivyo naye anaifuata huko.

Mwaka huo serikali ikatangaza mpango mpya wa mafunzo kwa nchi nzima. Kozi zingekatwa vipande, na anayeshindwa kipande kimoja angerudia hicho tu. Nusu ya masomo yangefanyika kazini, chini ya fundi wa hapohapo. Na cheti kingekuwa kimoja, kinachokubaliwa na mwajiri yeyote kutoka Mombasa hadi Turkana. Vyuo vichache viliombwa vijitolee kuujaribu kwanza. Phyllis alijitolea siku hiyohiyo, kabla hajajua atapata wapi kiwanda.

Alienda kwa Nicholas Kimeli, meneja wa kiwanda cha chai kilicho ng'ambo ya bonde. Kimeli alimsikiliza kwa heshima, kisha akamweleza kwamba alishawahi kupokea wanafunzi wa mazoezi. Walifagia, walipika chai ya wafanyakazi, wakaenda zao. Hakuona faida kwao wala kwake. Hata hivyo Phyllis hakuinuka kitini, na mwishowe Kimeli akacheka na kukubali.

"Lakini karakana ni ya Joab," alisema. "Mimi ni meneja, ila kule hata mimi huingia nikibisha hodi."

Joab Ouma alikuwa fundi mkuu. Alikuja kutoka Nyakach akiwa kijana asiye na kitu, na sasa alikuwa na mvi. Hakuna mashine ndani ya kiwanda kile ambayo hakuwahi kuifungua. Usiku wa mvua boila ya mvuke ikikataa kuwaka, ni yeye aliyeitwa. Alipoambiwa kuhusu wanafunzi, hakubishana. Aliitikia kwa kichwa, na wanafunzi walipofika akawapa mifagio.

Wiki zikapita hivyo. Mashine ya kukata majani ikiharibika, Joab aliwatuma wote wakachote maji au wakapange kuni, na wakirudi, kifuniko kilikuwa kimesharudishwa na skrubu zimekazwa. Chepngetich alijaribu kubaki nyuma mara moja. Joab alisimama tu, spana mkononi, akamngoja mpaka akatoka. Wavulana wawili wakaacha kuja. Chepngetich akaenda ofisini kwa Phyllis, akamwambia kwamba kufagia alikuwa anajua tangu nyumbani.

Phyllis angeweza kurudi kwa meneja. Alifikiria, akaona kwamba mtu anaweza kuamriwa afungue mlango, lakini hakuna amri itakayomfanya aeleze anachokijua. Basi Jumapili baada ya kanisa alivuka bonde hadi nyumba za wafanyakazi. Mke wa Joab akamkaribisha kwa uji wa wimbi, Joab akavuta kiti chake karibu na mlango.

"Baba Maxine, sikuja kugombana," Phyllis alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Nataka kujua ni nini kinachokuudhi kwa hawa watoto."

Joab akaanza kusimulia. Alisema yeye hakufundishwa na mtu. Fundi aliyemtangulia alikuwa akimtuma sigara kila ilipofika pale penye kazi yenyewe. Aliiba ujuzi kwa macho, kipande leo, kipande mwezi ujao. Akaona wenzake wakifutwa kazi mmoja mmoja kadiri mashine zilivyoongezeka. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya kiwanda. Kitu pekee kilichokuwa chake ni kile alichokijua na wengine hawakukijua.

"Sina karatasi hata moja, Madam," alisema. "Wakishajua ninachojua mimi, na wao wana karatasi, mimi nitakuwa nani hapa?"

Phyllis aliona haya kidogo, kwa maana muda wote huo alidhani ni kiburi. Akamweleza jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisoma harakaharaka bila kulitilia maanani. Mpango ule haukuwa wa vijana peke yao. Mtu aliyejifunzia kazini naye aliweza kutahiniwa na kupewa cheti kilekile. Hangeketishwa darasani kuandika. Angefanya kazi mbele ya mtahini na kueleza kwa Kiswahili anachofanya na kwa nini.

"Na nikishindwa mbele ya watoto?"

"Utarudia kipande ulichoshindwa," Phyllis akasema. "Kama wao."

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alitoka akifuta mikono. Alimwambia mumewe kwa Kijaluo maneno machache ambayo Phyllis hakuyaelewa, na Joab akainamisha kichwa. Hakuahidi lolote siku hiyo.

Siku iliyofuata aliwakuta wanafunzi wameshika mifagio. Akawaambia waiweke chini. Aliwapeleka mpaka kwenye mashine ya kukata majani, akazima umeme, akafungua skrubu moja, kisha akampa Chepngetich spana amalizie. Kifuniko kilipotoka aliwaambia wasogee karibu, maana huwezi kujifunza rola zinazokata majani ukiwa mlangoni.

Kufundisha hakukuwa rahisi kwake. Mikono yake ilijua mambo ambayo mdomo haukuwahi kuyataja. Aliweza kusikia beringi ya rola inayotaka kuharibika kabla mtu mwingine hajahisi lolote, lakini Chepngetich alipomuuliza anasikia nini hasa, ilimbidi afumbe macho na kutafuta maneno. Chepngetich naye alikuwa na kitu cha kumpa. Chuoni walikuwa wamefundishwa kusoma michoro ya mitambo, na Joab hakuwahi kuisoma. Wakawa wanakaa mchana juu ya makreti, mchoro umetandazwa katikati yao, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Wale wavulana wawili waliposikia, wakarudi.

Mtahini alitumwa na wizara kutoka Nairobi, mama mpole aliyeitwa Dorcus. Joab aliomba awe wa kwanza, na akaomba wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Aliifungua mashine, akaisafisha, akaiunganisha, huku akieleza kila hatua kwa sauti aliyokuwa ameizoea sasa. Dorcus alipouliza swali gumu kuhusu usalama wa umeme, Joab alifikiri, akajibu. Mashine ikawashwa, ikaimba sawasawa. Chepngetich alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Zamu yake ilipofika, alipita kila kipande isipokuwa cha nyaya za umeme. Alitoka akajificha nyuma ya ghala la kuni. Joab alimfuata akakaa kando yake juu ya gogo.

"Mimi ilinichukua ujana wangu wote kuijua ile mashine," alimwambia. "Wewe umebakisha nyaya tu. Kesho asubuhi tunaanza nazo."

Walianza nazo. Mtahini aliporudi, Chepngetich aliunganisha nyaya zile mbele yake, na akapita.

Siku ya kutoa vyeti, uwanja wa chuo cha Boito ulijaa mpaka watu wakapanda ukingo wa barabara. Waliitwa kwa majina, vijana kwanza. Halafu likaitwa jina la Joab Ouma. Alitembea mbele akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, kwa sababu alikataa suti, na vijana wake wote wakasimama. Akina mama walipiga vigelegele mpaka ikambidi Phyllis, aliyekuwa akisoma majina, angoje. Mamake Chepngetich alimshika Joab mkono na kumwambia kongoi, asante ya Kikalenjin, akarudia tena na tena, kwa sababu hakuwa na neno kubwa kuliko hilo. Kimeli alisimama akatangaza kwamba kiwanda kitawaajiri wanne, na kwamba karakana itapokea kundi jipya kila muhula.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Viwanda vya Kiptere na Sigowet vilituma watu waje waone. Wizara ikaandika mpango wa kuwatahini mafundi wa zamani kabla ya kuwapa wanafunzi, na ukaenea kaunti nyingine. Joab aliazimwa na kiwanda chake, akazunguka kufundisha mafundi wenzake namna ya kufundisha. Muhula uliofuata Phyllis alilazimika kuomba darasa kwenye kanisa la karibu. Miongoni mwa waliojiandikisha walikuwemo vijana wenye alama za kwenda chuo kikuu.

Chepngetich alifanya kazi kwa Kimeli msimu mmoja, kisha akaomba kazi Murang'a, kwenye kiwanda ambako hakuna aliyemjua. Walitazama cheti chake, wakamwajiri, wakamwonyesha kabati lake la kuwekea nguo. Asubuhi yake ya kwanza mashine moja ilikuwa imesimama na majani yameanza kurundikana. Msimamizi akamuuliza kama anahitaji mtu wa kumsaidia. Alisema atamhitaji mmoja, yeyote anayetaka kujifunza, asogee karibu. Kabla ya saa ya chakula rola zilikuwa zinazunguka, na yeye amekaa kantini kati ya wenzake wapya, akiulizwa ametoka wapi.