Nukta ya Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumanne saa nne asubuhi Umulkheir alishuka kwenye boda boda nyuma ya soko la Kalerwe na kuwasha kifaa chake cha GPS. Ofisi yake, iliyoko Nakasero, ilikuwa imemkabidhi nukta mia tatu za Kampala zilizochaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu. Alitakiwa kufika kwenye kila nukta, kutazama, kuuliza majirani, na kuandika palikuwa na nini mwaka juzi: makazi, shamba, kinamasi, maji au ardhi tupu. Majibu yake yangelinganishwa na ramani ya mwaka huo iliyochorwa kwa picha za setilaiti, ijulikane imesema kweli kwa kiasi gani. Ramani yenyewe hakuonyeshwa, asije akashawishika.

Ulikuwa mwezi wake wa pili wa kuzungumza na watu ambao hangewaona tena. Jioni alirudi chumbani kwake Makindye. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Nukta ya mia mbili na kumi na nne iliangukia ndani ya uzio wa mabati. Mlinzi, mwanajeshi mstaafu aitwaye Obwona, alimfungulia. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya kiwanja kilichosawazishwa kwa kifusi chekundu. Kiwanja chote kilikuwa kimeloa, ila mstatili mmoja katikati, hatua nane kwa sita.

"Huyo mama iko ndani," Obwona alisema. "Tingatinga ilibomoa nyumba mwaka jana, lakini yeye hapana toka. Wewe piga hodi tu."

Umulkheir alikwenda hadi ukingoni mwa pakavu, akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu. Vua viatu, hiyo ni sebule."

Alivua. Mjane wa Kinubi aitwaye Zulaikha alikuwa amekaa kwenye mkeka akipepea makaa ya sigiri, birika likiwa juu yake. Umulkheir alikaa, akaegemea ukuta. Haukuonekana, lakini ulikuwa wa baridi na imara. Kifaa kilionyesha kwamba nukta yenyewe iko karibu na birika.

"Mwaka juzi hapa palikuwa na nini, mama?"

"Nyumba hii. Mimi na marehemu tuliingia miaka thelathini na moja iliyopita. Kampuni iliyochukua kiwanja inasema hapakuwa na mtu, ati ramani ndiyo imesema. Kwa hiyo hawanipi pa kwenda." Alimtazama mgeni wake. "Andika, basi."

Umulkheir aliandika: makazi. Kisha Zulaikha akamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Alipewa chai na kipande cha muhogo. Alikaa hadi mvua ilipokatika, na nukta mbili za siku hiyo hakuzifikia.

Nukta zote mia tatu zilipokwisha, kule ofisini msimamizi wake Rafiq alitazama picha aliyoipiga Umulkheir pale kiwanjani.

"Mama anaonekana, nyumba haionekani."

"Nyumba ilibomolewa. Yeye hakutoka."

Rafiq aliitikia kwa kichwa. Kwenye ramani palikuwa pameandikwa ardhi tupu. Aliingiza jibu la Umulkheir kwenye jedwali, upande wa makosa, akajumlisha.

"Usahihi ni asilimia tisini na moja. Mkataba unadai themanini na tano. Ramani imepita."

"Lakini pale imekosea."

"Imekosea. Nimeshaandika."

"Patarekebishwa?"

"Dada, sisi tunapima makosa. Haturekebishi."

Jumapili iliyofuata Umulkheir alirudi Kalerwe.

"Wameniandika?" Zulaikha aliuliza.

"Wamekuandika, mama. Umo kwenye makosa yanayoruhusiwa."

Zulaikha alifikiri kidogo. "Tuko wangapi humo?"

"Nukta ishirini na saba."

"Basi si mimi peke yangu," alisema, akammiminia chai.

Mwezi wa Novemba ghala la kampuni lilikamilika juu ya kiwanja hicho. Makuli walipanga magunia ya saruji hadi darini, wakaacha nafasi katikati kwa sababu hapo magunia yalikataa kukaa. Msimamizi wao aliihesabu kuwa njia ya kupitia. Umulkheir huja kila Jumapili. Langoni huandika jina lake kwenye daftari la wageni, na kwenye nafasi ya mwenyeji huandika Zulaikha, naye Obwona hugonga muhuri. Wanawake hao hawazungumzi sana. Saa kumi na moja mlango wa chuma huteremshwa, mmoja akiwa nje na mwingine ndani.